Haya Si Mazoezi

Siku Orysia Hnatiuk alipopigwa marufuku kusogelea bakuli la sukari la kanisa, mji mzima wa Dubrova ulikubali kwamba haki imetendeka. Asubuhi ya ziara ya askofu alikuwa ameondoa sukari yote akaweka chumvi, na askofu, kwa kuwa ni mtu aliyezoea mateso, alikunywa kikombe chake chote bila kusema neno. Machozi yalimtoka. Waumini walidhani ameguswa na kwaya. Orysia alikiri kosa mbele ya wazee wa kanisa kwa sauti iliyosikika hadi uani, na alipoulizwa kama anajutia chochote, alisema ndiyo, anajutia kwaya.

Huyu ndiye mtu ambaye saratani ya ovari ilimchagua kati ya wanawake wote wa Manitoba. Inasikitisha kusema hivyo, lakini saratani haikuuliza majirani kwanza.

Alikuwa na miaka arobaini na minane, mabega mapana kama mlango wa ghala la ngano, na saluni pekee ya mjini, ambamo siri zote za Dubrova zilioshwa na kukaushwa kila Ijumaa. Kiangazi chote aliendeshwa hadi Winnipeg kutundikiwa dripu za kemo. Kemo ilifanya kazi kwa bidii ya kiranja aliyechaguliwa jana: ilimaliza nywele, ikamaliza nyusi, ikamaliza hamu ya kula, ikang'oa na kucha za vidole vya miguu ambavyo havikuwa na kesi yoyote. Uvimbe haikuugusa. Walibadilisha kemo, wakaleta nyingine yenye jina refu zaidi. Uvimbe ukanenepa.

Mwenye saluni kuwa na kipara ni aibu kwa taaluma nzima. Wifi yake alimnunulia wigi la rangi ya shaba, lakini lilimwasha, basi akalipeleka kwenye ukumbi wa barafu akamvisha kulungu, yaani kile kichwa kikubwa chenye pembe kilichotundikwa juu ya kaunta ya bia tangu enzi za babu zao. Kulungu alipendeza. Hakuna aliyethubutu kumvua.

"Saratani yako haina haraka," alisema Daktari Lurdes Quintal, mwanamke mfupi kutoka Toronto ambaye hakuwa na tabia ya kuzungukazunguka. "Kemo hukamata seli zinazokimbia. Za kwako zinatembea. Zinapita mbele ya kemo mikono mfukoni."

"Kwa hiyo nina saratani mvivu."

"Mvivu, lakini haikosi kazini hata siku moja."

"Kama Wasyl," alisema Orysia. Mumewe, aliyeketi kando yake na kofia magotini, alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu hofu ilikuwa imemjaa masikioni na hakuwa anasikia chochote.

Daktari alivuta kiti karibu. Kulikuwa na utafiti, alisema, wa saratani za namna hiyo hiyo, zile zisizosikia kemo. Dawa mbili za vidonge, moja kando ya nyingine. "Ya kwanza inafunga mlango ambao seli hupokelea amri ya kukua. Tatizo ni kwamba ukifunga mlango, seli inapita dirishani. Ya pili inafunga dirisha."

"Na bomba la moshi?"

"Bomba la moshi hatujaliona bado. Ndiyo maana unaitwa utafiti."

Orysia alicheka, kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile. Kisha Daktari Quintal akamweleza upande wa pili wa shilingi ile ya matumaini. Dawa hizo zinaweza kuumiza misuli. Misuli ikiumia humwaga kimeng'enya fulani kwenye damu, na damu ingepimwa mara kwa mara. Kimeng'enya kikipanda kupita kiasi, dawa zinasimamishwa hadi kishuke. Kikipanda mara ya tatu, mgonjwa anatolewa kwenye utafiti, na hakuna pa kukata rufaa.

"Nikitolewa, kuna nini kingine?"

Daktari hakuangalia pembeni. "Si kingi."

"Basi sitoki," alisema Orysia. "Sasa tuwekeane ahadi, daktari. Picha ya kwanza ikionyesha huu uvimbe umepungua hata kwa upana wa ukucha, unakuja Dubrova Jumapili kucheza mawe na sisi."

"Mawe gani?"

Wasyl, ambaye alikuwa mtunza barafu wa ukumbi wa Dubrova, alirudiwa na fahamu ghafla. "Unalisukuma jiwe, zito, lina mpini," alisema, "linateleza kwenye barafu kwenda kwenye duara kule mwisho. Wenzako wawili wanakimbia mbele yake wanasugua barafu kwa mafagio ili lifike mbali zaidi. Nahodha anawapigia kelele. Mwenye jiwe lililo karibu zaidi na katikati ya duara anashinda." Ilikuwa hotuba ndefu kuliko ile aliyotoa siku ya harusi yake.

Daktari Quintal alikuwa ameishi Manitoba miaka miwili bila kukanyaga barafu kwa hiari. Lakini mgonjwa alikuwa akimwangalia kwa macho yasiyo na nyusi. "Haya," alisema. "Tumekubaliana."

Vidonge vilianza majani yalipogeuka manjano. Vilimtoa Orysia vipele usoni kama mwanafunzi wa kidato cha pili, na macho yakawa yanamwona kila mtu kwa ukungu kidogo, jambo alilosema limeboresha sana sura ya wifi yake. Damu yake ilikuwa safi. Kila alipopimwa, kimeng'enya kilikaa chini kimetulia. Kisha Novemba ikaingia, Wasyl akamwaga maji ukumbini, barafu ikakamata, na Dubrova ikafufuka.

Timu ya Orysia ilikuwa na wanawake wanne. Nahodha alikuwa Darka, dada yake Wasyl, mwenye sauti ya honi ya treni, ambaye kwa majira kumi na tano ya baridi alikuwa amesimama kwenye duara akiwaamrisha wenzake bila kutoa jasho hata tone. Walikuwepo mapacha wa Zwarych, Halya na Nadia, wa miaka sitini na kitu, ambao sentensi moja waliigawana nusu kwa nusu. Na alikuwepo Orysia, mfagiaji. Wilaya nzima haikuwa na mfagiaji kama yeye. Jiwe lililorushwa kivivu, ambalo kila mtu ameshalikatia tamaa, Orysia angelisugulia njia hadi lenyewe lione aibu kusimama. Wakati wa kemo hakuweza hata kulibeba fagio. Sasa vidonge vilimrudishia mikono yake, na aliitumia Jumatano, Jumapili, na siku yoyote ambayo Darka alisema timu ina hali mbaya, yaani siku zote.

Picha ya kwanza ilipigwa mwisho wa Novemba. Uvimbe ulikuwa umepungua kwa upana wa kidole gumba.

Wasyl alimbusu daktari, akambusu muuguzi, akambusu na mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kupimwa kibofu. Walikuwa hawajafika kwenye maegesho simu ilipolia. Damu ya asubuhi ilikuwa imesomwa. Kimeng'enya kilikuwa juu, mbali kabisa juu ya mstari. Dawa zisimame.

"Mara ya kwanza," alisema Daktari Quintal simuni, na sauti yake haikuwa ile ya dakika kumi zilizopita.

Wiki ile ukumbi wa barafu ulikodishwa kwa harusi, watu wakacheza dansi mahali pa mawe. Kimeng'enya kikashuka. Dawa zikarudi. Katikati ya Desemba, baada ya mashindano ya Ijumaa hadi Jumapili, kikapanda tena, juu zaidi ya mara ya kwanza.

"Mara ya pili," alisema Daktari Quintal.

Muuguzi alimuuliza Orysia maswali yote yanayostahili kuulizwa. Ameanguka? La. Amechomwa sindano ya msuli? La. Anakunywa dawa za kupunguza mafuta mwilini? La. Amefanya mazoezi mazito siku za karibuni?

"Mimi?" alisema Orysia. "Mazoezi? Dada, niangalie vizuri."

Na hapo ni lazima msimamo wa Dubrova kuhusu mazoezi uwekwe wazi, ili Orysia asihukumiwe bila kusikilizwa. Mazoezi ni mambo ya watu wa Winnipeg. Ni kukimbia barabarani bila kufukuzwa na mtu. Ni kulipa dola ili unyanyue chuma, kisha ukirudishe palepale ulipokikuta. Mawe ni jambo jingine kabisa. Mawe unacheza baada ya chakula cha mchana, bia ikikusubiri kaunta, na unaweza kucheza hadi siku ya mazishi yako ikiwa mazishi ni ya jioni. Mzee Panko alicheza akiwa na mpira wa oksijeni puani. Hakuna mtu mwenye akili zake Dubrova ambaye angeyaita mawe mazoezi, kama vile asingeita kula supu ya kiazi chekundu kuogelea. Orysia hakudanganya. Angehojiwa hata na mahakama, angejibu vilevile.

Walirudi nyumbani bila redio. Wasyl aliendesha polepole kuliko theluji ilivyodai.

"Ni dawa zinanila misuli," alisema Orysia mwishowe. "Uvimbe unapungua, mimi napungua. Tunashindana nani aishe kwanza."

"Usiseme hivyo."

"Nisiseme, nisifanye mzaha. Nifanye nini, Wasyl? Nikae nikihesabu pembe za kulungu?"

Wasyl aliingiza gari uani. Kisha akazima injini na kusema, akiangalia mbele, "Fanya mzaha. Ukiacha ndiyo nitaogopa."

Zikaja Krismasi zote mbili, ile ya Desemba ya watu wote na ile ya Januari ya kalenda ya zamani ya bibi zao, na ukumbi ukafungwa kwa ajili ya zote mbili. Orysia alikula, akalala, akala tena. Kimeng'enya kikashuka chenyewe hadi chini kabisa, jambo lililomchanganya daktari, na vidonge vikaanza tena. Jumanne moja iliyokuwa ikija ndiyo ingeamua: damu na picha siku hiyo hiyo. Kabla ya Jumanne hiyo kulikuwa na Jumapili mbili. Ya mwisho ilikuwa ya kugombea kombe la wilaya. Ya kwanza Orysia aliitumia kudai deni lake la ahadi.

Daktari Quintal alifika Dubrova amevaa koti kubwa kiasi kwamba watoto walidhani ni maskoti, yule mnyama wa kuigiza wa timu. Alilishwa maandazi ya viazi na jibini yaliyoogeshwa siagi na kitunguu, akaongezwa, akaongezwa tena alipojaribu kushukuru. Alitambulishwa kwa kulungu. Kisha mapacha walimvisha kiatu chenye soli ya kuteleza mguu mmoja, wakamkabidhi fagio.

"Utafagia pamoja na Orysia," alisema Halya.

"Mara moja tu," alisema Nadia.

"Raha tupu," alisema Halya.

Darka, kule kwenye duara, alijaza mapafu. Jiwe likaachiwa.

"FAGIA!" alinguruma. "Fagia, daktari! Kandamiza! Unalibembeleza nini hilo fagio, limekuambia linaumwa? KANDAMIZA!"

Daktari Quintal alikandamiza. Kando yake Orysia alikwenda kama mashine ya kushonea, uzito wote wa mwili umelala juu ya mpini, mikono haionekani kwa kasi, na bado alikuwa na pumzi ya kutaniana. "Daktari, lile jiwe linatupita. Lisalimie." Mbele ya duara daktari hakuweza kusalimia kitu. Walisugua jiwe la pili. La tatu. Kufikia la nne daktari alikuwa amelala chali juu ya barafu, mvuke ukimtoka kama birika.

"Mnafanya... hivi... mara ngapi?"

"Mchezo mmoja? Saa mbili hivi," alisema Orysia. "Jumatano na Jumapili. Mashindano yakiwepo, siku tatu mfululizo."

Daktari alihesabu siku kwa vidole. Alikuwa akitazama dari. "Orysia," alisema. "Muuguzi alipokuuliza kuhusu mazoezi."

"Nilimwambia ukweli. Sifanyi."

"Na hiki ni nini?"

"Hiki?" Orysia alimwangalia Darka, Darka akawaangalia mapacha, mapacha wakaangaliana. "Hiki ni mawe, daktari. Haya si mazoezi."

Ukumbi mzima ulitikisa kichwa kuunga mkono. Mzee Panko aliondoa mpira wa oksijeni puani ili asisitize.

Jumanne jioni simu ya saluni ililia, Orysia akiwa na kichwa cha mke wa diwani ndani ya sinki.

"Siwezi kuinua mikono," ilisema sauti ya Daktari Quintal. "Nimepigiwa simu hii na muuguzi, yeye ndiye ananishikia. Nimejipima damu. Unajua kimeng'enya changu kiko wapi?"

"Wapi?"

"Juu ya chako cha Desemba. Na mimi sijameza kidonge hata kimoja."

Orysia alifunga bomba.

"Si dawa," alisema daktari. "Labda dawa zinaongeza kidogo. Lakini mwizi wa misuli yako ni hilo fagio. Barafu iliingia Novemba, nacho kikapanda. Harusi ilifunga ukumbi, kikashuka. Mashindano, kikapanda. Krismasi, kikashuka. Nilikuwa naangalia damu, sikuangalia kalenda yenu."

"Basi waambie hao wa utafiti!"

"Nitawaambia. Watasikitika sana. Lakini utaratibu wao hausikilizi hadithi, unasikiliza kipimo. Kikipanda Jumanne ijayo, kwa sababu yoyote ile, unatoka. Kwa hiyo nisikie vizuri. Kurusha jiwe, sawa. Kutembea, kupiga kelele, kula yale maandazi, sawa. Fagio hulishiki."

Mke wa diwani alisema maji yanamwingia sikioni. Orysia hakumsikia. Mtu anaweza kuambiwa tumbo lake lina uvimbe akafanya mzaha, kisha akaambiwa asishike fagio akakaa kwenye kiti cha wateja na sabuni mikononi.

Tatizo lilikuwa hili, na Dubrova nzima ililiona kabla jua halijazama. Katika timu ya watu wanne, mtu mmoja tu hafagii. Huyo ni nahodha.

Darka alikuja saluni asubuhi, akafunga mlango kwa kisigino. "Nimesikia," alisema. "Usiniangalie hivyo. Mapacha wanaweza kufagia peke yao."

"Wifi, mapacha wana miaka sitini. Na zamu yao ya kurusha ikifika?"

"Basi tujitoe fainali."

"Tujitoe? Tumwachie Lorna Teskey na timu yake ya Pinder kombe? Mwanamke aliyesema kipara changu kinaharibu ubora wa barafu kwa mwanga?"

Darka aliketi. Alivua glavu moja, akaivaa, akaivua tena. Majira kumi na tano. Sauti yake ilijulikana hadi mashamba ya upande wa pili wa mto. "Hujawahi kuongoza," alisema. "Huwezi kusoma barafu kama mimi."

"Nimeisoma kwa pua, wifi. Miaka kumi na tano nimeinamia pale chini wewe ukiwa umesimama wima kama mnara. Naijua kila mteremko."

Darka alisimama, akaenda kwenye kioo, akajiangalia kwa uchungu wa mfalme anayevuliwa taji na mahakama isiyo na huruma. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu. "Hilo dude tumboni lilipungua kwa kidole gumba," alisema. "Nataka mkono mzima. Chukua unahodha. Lakini ukinipigia kelele kama ninavyowapigia nyinyi, Mungu ni shahidi, nitakufunga mdomo kwa taulo zako mwenyewe."

"Nitakupigia zaidi," alisema Orysia.

Wakakumbatiana, kwa nguvu iliyo chini kidogo ya ile inayopandisha kimeng'enya.

Jumapili ya fainali ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa ngazini. Kombe la wilaya ni birika la chai lililopakwa rangi ya fedha, na hakuna kitu duniani kinachotamaniwa zaidi ya birika hilo kati ya Dubrova na mji wa Pinder. Lorna Teskey wa Pinder alifika amevaa nyusi mpya zilizochorwa juu sana, kama mtu aliyeshtushwa akabaki hivyo.

Orysia aliongoza. Mwanzoni sauti yake ilitoka kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Kufikia raundi ya tatu adabu iliisha.

"Wifi! Fagia! Unapaka losheni au unafagia? KANDAMIZA, Darka, hilo si paka!"

"Nasikia!" alifoka Darka, uso wa rangi ya supu ya kiazi chekundu. "Ulimwengu mzima unasikia!" Alikuwa anagundua, akiwa na umri wa miaka hamsini na mbili, jasho lilivyo. Mara mbili alisikika akimwambia Nadia, "Mlikuwa mnafanya hivi siku zote? Na hamkuniambia?"

"Tulikuambia," alisema Nadia.

"Hukusikia kwa kelele zako," alimalizia Halya.

Walikwenda hivyo hivyo, Pinder mbele, Dubrova mbele, hadi jiwe la mwisho kabisa la mchezo. Pointi zilikuwa sawa. Jiwe la Lorna lilikuwa limekaa ndani ya duara, karibu na katikati, limejificha nusu. Jiwe la mwisho lilikuwa la nahodha wa Dubrova. Halya alisimama kwenye duara kumwonyesha shabaha. Darka na Nadia walishika mafagio. Orysia alipiga goti, akateleza, akaachia.

Akajua papo hapo. Lilikuwa dhaifu.

"FAGIENI!"

Darka na Nadia waliliinamia. Jiwe lilikwenda kama mtu anayefikiria kurudi nyumbani. Orysia aliinuka akalifuata, fagio aliloliegemea wakati wa kurusha likiwa bado mkononi, akipiga kelele hadi koo likakwaruza. Nusu ya njia. Zaidi ya nusu. Ndipo mguu wa Darka, ambao haukuzoea kukimbia na kuinama kwa wakati mmoja, ukaenda kushoto na Darka akaenda kulia. Alianguka kwa kishindo kilichotikisa glasi kwenye kaunta. Nadia alibaki peke yake, na jiwe likaanza kufa.

Orysia alikuwa nyuma yake hatua mbili. Fagio liko mkononi. Sheria za mchezo zinaruhusu. Mikono yake iliinuka yenyewe, mabega yakajikunja, kila msuli ukakumbuka kazi yake. Sekunde chache tu za kusugua. Nani angejua? Kimeng'enya kingejua. Ukumbi ulizuia pumzi, na Wasyl, kando ya mashine yake ya barafu, alifumba macho.

Orysia alirusha fagio. Alilirusha kwa nguvu zote, juu, nyuma yake, mbali, likapaa juu ya ubao wa pembeni na kutua kwenye sinia la maandazi.

"DARKA HNATIUK!" Sauti iliyomtoka haijawahi kusikika Dubrova tangu ghala lilipoungua. "Inuka! Umelala nini, unasubiri chai? Miaka kumi na tano nimefagia kwa ajili yako! INUKA UNIFAGILIE!"

Darka hakuinuka, kwa sababu hakukuwa na muda. Alitambaa. Kwa magoti, kofia imeziba jicho moja, fagio mbele yake, nahodha mstaafu wa Dubrova alitambaa juu ya barafu kando ya Nadia akisugua na kutukana katika lugha ya bibi yake, akisugua, akisugua, na jiwe likasita, likaona aibu, likasogea. Likapita mstari. Likaingia kwenye duara. Likagusa jiwe la Lorna Teskey taratibu kama mtu anayegonga bega kwenye foleni, na jiwe la Lorna, kwa heshima, likalipisha.

Kelele zilizofuata zilimdondoshea kulungu wigi. Lilianguka kwenye glasi ya bia ya Mzee Panko, naye akanywa hivyo hivyo. Lorna Teskey alibaki na nyusi zake, ambazo kwa mara ya kwanza zililingana na hali halisi. Darka alibebwa na mapacha, magoti yakivuja maji, akapelekwa mbele ya Orysia.

"Ulinitukana mbele ya mji mzima," alisema Darka.

"Ndiyo, wifi."

"Ulifanya vizuri," alisema Darka, akaanza kulia.

Jumanne Orysia aliketi kwenye kiti kilekile, Wasyl kando yake, kofia magotini. Kwenye meza ya daktari, kati ya karatasi, lilisimama birika la fedha ambalo Orysia alikataa kuliacha nyumbani. Lilikuwa na chai ya moto. Daktari Quintal aliingia akiwa na uso ambao haukusomeka, akaketi kwa kujishika kiuno.

"Vipi mgongo?" aliuliza Orysia. "Umefanya mazoezi?"

"Mimi? Hapana," alisema daktari. "Kuna ukumbi wa mawe karibu na nyumba yangu. Nakwenda Alhamisi tu. Hayo si mazoezi." Kisha akaweka mikono juu ya meza. "Kimeng'enya chako kiko chini. Chini kabisa. Unabaki kwenye utafiti."

Wasyl alitoa pumzi iliyokuwa imekaa ndani tangu Novemba.

"Na picha," alisema daktari, akiigeuza skrini kuwaelekea. "Uvimbe umepungua zaidi ya nusu. Lile doa la karibu na ini silioni tena. Nimelitafuta mwenyewe, nikaita mwenzangu alitafute. Haujaisha, Orysia, na sitakuahidi kuwa utaisha. Utaendelea kumeza vidonge, tutaendelea kupima. Lakini mlango umefungwa na dirisha limefungwa, na uvimbe unarudi nyuma."

Orysia alifungua mdomo kusema kitu cha kuchekesha. Hakikutoka. Alijaribu tena. Akageuka kwa Wasyl, akaficha kipara chake, ambacho sasa kilikuwa na manyoya laini kama ya kifaranga, kwenye koti la mumewe, huku bomba la joto likigonga ukutani.

Alipoinua kichwa alikuwa ni yeye tena. "Tunywe, daktari," alisema, akipangusa macho. "Chai ya ushindi. Nimeitia sukari mwenyewe."

Daktari Quintal, aliyetoka Toronto na hakuwa na habari za askofu, aliinua kikombe akapiga funda kubwa. Akatulia. Akameza. Machozi yakamjaa machoni, yakamtiririka mashavuni.

Muuguzi aliyekuwa anapita mlangoni alisimama, akaweka mkono kifuani, akawaambia wenzake korido nzima kwamba daktari ameguswa sana na matokeo.